Mshahara umepanda na madeni ni saba: nianze na lipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Nimepandishwa daraja na mshahara wangu wa msingi umetoka shilingi 820,000 hadi 1,040,000. Nina mkopo wa benki unaokatwa 190,000 kila mwezi, umebakiza miezi 31. SACCOS nadaiwa 900,000; narejesha 75,000 kwa mwezi pamoja na riba ya asilimia 1 ya salio, na akiba yangu huko ni 700,000. Kuna mkopeshaji wa mtaani aliyenipa 400,000. Nampelekea riba ya 80,000 kila mwezi, huu ni mwezi wa tano, 400,000 yake iko palepale, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Kwenye simu nadaiwa 230,000 sehemu tatu (moja ni programu niliyoipakua, na walinitishia kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yangu), dukani 145,000, na dada yangu ananidai 300,000 ambayo hajawahi kuiulizia. Bodi ya Mikopo nayo inakata. Benki wamenipigia na kuniambia kwamba sasa naweza kuongezewa mkopo, nikapata milioni 8 mkononi kwa marejesho ya miezi 72, nikalipa wote na kuanza msingi wa nyumba. Mume wangu hajui habari ya mkopo wa mtaani, na najilaumu kwamba sina nidhamu ya fedha. Je, niuchukue mkopo huo? Kama hapana, nianze kumlipa nani? Na malimbikizo yangu yakitoka niyafanyie nini?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa kupanda daraja, na ahsante kwa kuyaandika madeni yako yote kwa tarakimu bila kuficha hata moja, kwa maana watu wengi huniandikia kwamba wana madeni mengi lakini hawajawahi kuyajumlisha. Nitakujibu moja kwa moja kisha nieleze sababu. Usiuchukue mkopo wa milioni 8. Anza na mkopeshaji wa mtaani, kisha malizia ya simu, kisha duka na dada yako. Ya SACCOS, benki na Bodi yaache yaendelee kulipwa kama yanavyolipwa sasa.

Tuangalie kwanza nyongeza yenyewe, kwa sababu mipango mingi huharibika hapa. Nyongeza yako kwenye karatasi ni 220,000, lakini fedha uliyonayo ya kupangia ni ile inayofika kwenye akaunti. Asilimia 5 ya nyongeza, yaani 11,000, inakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kinachobaki baada ya mchango huo ndicho kinachotozwa kodi ya mapato, na kwa kuwa mshahara wako wa zamani na huu mpya yote miwili, baada ya kutoa mchango wa pensheni, inaangukia kati ya 760,000 na 1,000,000, nyongeza yote inatozwa asilimia 25, ambayo ni 52,250. NHIF, yaani bima ya afya, inachukua asilimia 3, ambayo ni 6,600. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwenye nyongeza peke yake hiyo ni 33,000. Ukitoa vyote hivyo unabaki na 117,150, na kama chama chako cha wafanyakazi kinakata ada kwa asilimia, itapungua tena kidogo. Fungua slipu ya mwezi wa kwanza wa mshahara mpya, uilinganishe mstari kwa mstari na ya mwezi uliotangulia, na usifanye mpango wowote kwa kutumia ile 220,000.

Kwa hesabu hiyo, baada ya makato ya lazima na ya benki, zamani ulikuwa ukipokea 368,650 na sasa utapokea 485,800. Katika ile 368,650 ulikuwa ukilipa SACCOS 84,000, mkopeshaji wa mtaani 80,000, na ada za mikopo ya simu ambazo kwa deni la 230,000 nazikadiria kuwa 25,000 hivi kwa mwezi. Ulibaki na kama 180,000 za chakula, nauli na mahitaji ya watoto kwa mwezi mzima. Naliweka jambo hili wazi kwa sababu naona katika barua yako unajilaumu kwamba huna nidhamu ya fedha. Mtu aliyebakiwa na 180,000 atafika tarehe 15 akiwa anatafuta pa kukopa hata angekuwa na nidhamu kiasi gani, na mikopo yako ya simu imetokana na pengo hilo. Tukiondoa 80,000 ya mtaani, sehemu kubwa ya pengo inaondoka nayo.

Sasa simu ya benki. Taratibu za utumishi wa umma zinataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa mshahara wa zamani theluthi yako ilikuwa 273,333. Kwa huu mpya ni 346,667. Kwa kuwa sasa unapokea 485,800, kuna nafasi ya 139,000 na zaidi ambayo kisheria inaweza kukatwa, na nafasi hiyo ndiyo iliyomfanya ofisa mikopo akupigie. Hajakosea, anafanya kazi yake, na anachokuambia kuhusu uwezo wako wa kukopa ni kweli. Lakini ile theluthi ni kiwango cha chini ambacho mtumishi asishushwe zaidi ya hapo. Haikuwekwa ili kumwambia mtu kiasi kinachomfaa kuishi nacho.

Hukunitajia riba ya benki, kwa hiyo nachukulia asilimia 16 kwa mwaka ya salio linalopungua, na kwa riba hiyo salio lako la benki leo ni kama 4,800,000. Ili upate milioni 8 mkononi, benki italifuta deni hilo na kukuandikia jipya la 12,800,000. Rejesho lake kwa miezi 72 litakuwa kama 278,000 kila mwezi. Ukiuacha mkopo wa sasa uishe wenyewe, utalipa 5,890,000 na baada ya miezi 31 umemaliza. Ukiuchukua mpya, utalipa takriban milioni 20 kwa miaka sita, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo ni riba. Tena ile milioni 8 haitafika kamili, kwa sababu bima ya mkopo na ada ya kuuandaa hukatwa mwanzoni. Utakachopokea kila mwezi kitakuwa 397,800, yaani 29,150 tu zaidi ya ulichokuwa ukipokea kabla ya kupanda daraja. Miaka yako ya kusubiri daraja itakuwa imekuongezea fedha isiyotosha hata mfuko mmoja wa mchele wa kilo 25.

Kuna jambo jingine ambalo naona limekupita. Madeni yako yote, ukiacha ya benki na Bodi, ni 1,975,000. Unashawishiwa kukopa milioni 8 ili ulipe deni lisilofika milioni 2. Na katika hiyo 1,975,000, fedha inayokutesa kweli ni 630,000 tu: 400,000 ya mtaani na 230,000 ya simu. Hizo mbili ndizo zinazokula 105,000 kila mwezi bila salio kushuka. SACCOS inashuka kila unapolipa, na duka na dada yako hawakuongezei hata senti.

Ndiyo maana napanga madeni kwa gharama yake ya kila mwezi, na siangalii ukubwa wake wala makelele ya anayedai. Wengi hufanya kinyume. Mangi, yaani mwenye duka, akisema neno mbele ya wateja wengine, mtu anakimbilia kumlipa kwa aibu, halafu anakopa kwenye simu ili amalize mwezi. Deni lisilo na riba limelipwa kwa deni lenye riba. Naielewa aibu hiyo na siidharau, lakini mangi ukimweleza vizuri atasubiri, na riba ya mtaani haisubiri.

Kwa huyo mkopeshaji wa mtaani nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pa hatari. Umeshampa 400,000 katika miezi mitano na bado unadaiwa 400,000. Riba ya 80,000 kwa 400,000 ni asilimia 20 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, lile kundi la kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, ambalo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inalitaka liwe na leseni. Kwa hiyo unatozwa karibu mara sita ya ukomo. Watu huiita mikopo ya namna hii kausha damu, na mikopo hiyo haijengwi ili umalize deni. Kwake yeye, ukibaki miaka miwili ukilipa 80,000 ni bora zaidi kuliko ukirudisha 400,000 kesho.

Kwa kulipa riba peke yake hutatoka hapo. Ni lazima ile 400,000 ilipwe kwa mkupuo, na hapa ndipo nitakuruhusu kukopa mara moja, kwa lengo hili tu. Nenda SACCOS ukaombe mkopo wa dharura wa 400,000 kwa miezi minane. Ikiwa SACCOS yenu inafuata utaratibu uliozoeleka wa kumkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiba yako ya 700,000 inakupa nafasi ya 2,100,000, na unadaiwa 900,000 tu, kwa hiyo ombi lako liko ndani ya uwezo wako. Kwa riba ya asilimia 1 ya salio, rejesho la kwanza litakuwa 54,000 na yanayofuata yatakuwa yakipungua. Riba yote kwa miezi minane ni 18,000. Kwa miezi hiyohiyo minane mkopeshaji wa mtaani angechukua 640,000 na bado ungekuwa na 400,000 yake. Waandikie viongozi barua ya kweli, useme fedha ni ya kulipa deni la riba kubwa, na wadhamini wako uwaeleze hivyohivyo. Kamati za mikopo za SACCOS za walimu zimeliona jambo hili mara nyingi, na mwanachama anayesema ukweli huwapa imani kuliko anayeandika kwamba ana ugonjwa nyumbani.

Wakikukatalia, usirudi kwenye mkopo wa benki. Chukua ile nyongeza ya 117,150 yote, iweke kwenye akaunti ambayo kadi yake hana mtu mwingine, na kabla ya mwezi wa nne kwisha utakuwa na 400,000. Utakuwa umempa riba ya miezi michache zaidi, inauma, lakini una tarehe ya kutoka. Mwulize pia kama anapokea sehemu ya deni la msingi, 100,000 kwa mfano, na riba ishuke kwa kiasi hicho. Wengine hukubali wakiona mteja amedhamiria kuondoka.

Siku ya kulipa, usiende peke yako na usitume fedha kwa simu halafu ukasubiri. Nenda na mtu mzima unayemwamini, hesabuni fedha mezani, na kabla hazijavuka upande wake akuandikie hati inayosema deni limekwisha, yenye jina lake, jina lako, kiasi, tarehe na sahihi, na shahidi naye aweke yake. Dai karatasi zote ulizosaini siku ya kukopa. Wapo wakopeshaji wanaomsainisha mkopaji hati ya mauziano ya kiwanja au ya vyombo vya ndani, au karatasi isiyojazwa, na karatasi hiyo ikibaki mikononi mwao inaweza kuibuka baada ya mwaka. Kadi yako uipokee, kisha siku hiyohiyo uende tawini kwako ukaombe kadi mpya, kwa sababu namba ya siri anaijua. Namba ya siri ni ya mwenye akaunti peke yake, na benki haitakulipa kwa fedha iliyotolewa na mtu uliyempa kwa hiari yako. Akikataa kukupa hati au karatasi zako wakati umekuja na fedha kamili, ondoka na fedha yako, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaombe malipo yafanyike mbele ya mwenyekiti au mtendaji. Watu wa aina hii hawapendi kabisa kukaa kwenye meza hiyo, na mara nyingi hulainika kabla hamjafika.

Tukirudi kwenye hesabu: mtaani ukishatoka, utapokea 485,800, utoe 84,000 za SACCOS na 54,000 za mkopo wa dharura, zibaki 347,800. Ningependa matumizi ya nyumbani yapande kutoka 180,000 hadi 220,000. Kuna washauri watakaokuambia uishi kama ulivyokuwa ukiishi na nyongeza yote iende kwenye madeni. Mimi siamini katika hilo kwa mtu aliyekuwa akibakiwa na 180,000, kwa sababu akibanwa tena atarudi kwenye simu kabla ya wiki ya tatu, na mpango wote utakuwa umekufa. Hiyo 40,000 ni ya kukuzuia usikope. Kinachobaki ni 127,800 kila mwezi, na hiyo ndiyo fedha ya kazi.

Miezi miwili ya kwanza iende kwenye simu. Deni la 230,000 pamoja na ada zake litakwisha kwa takriban 255,000, ambazo ni mara mbili ya 127,800. Anza na lile linalotoza ada kubwa zaidi kwa kiasi ulichokopa, na kila unapolimaliza moja, jitoe kwenye huduma hiyo siku hiyohiyo, kabla hujalala. Ile huduma inayokuruhusu kukamilisha muamala hata salio likiwa halitoshi ndiyo yenye kunasa zaidi, kwa sababu huoni kwamba umekopa; fedha ikiingia inajilipa yenyewe, na siku ya pili huna kitu, unakopa tena. Mshahara wako usiupitishe kwenye laini inayodaiwa mpaka deni la laini hiyo liishe kwa mpango wako.

Umesema moja kati ya mikopo hiyo mitatu ni ya programu uliyoipakua, na kwamba walikutishia kuwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yako. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na kero hii ya kuwadhalilisha wakopaji ilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wananchi. Angalia kama programu yako imo kwenye orodha hiyo au kama kampuni yake ina leseni. Ulichokopa kilipe, kwa sababu ulikipokea na kukitumia. Lakini kuchukua namba za ndugu na walimu wenzako bila ridhaa yao na kuwatangazia deni lako kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Hifadhi kila ujumbe wa vitisho, usiufute kwa hasira. Ukishalipa, hifadhi pia ujumbe wa kumaliza deni, kwa sababu taarifa za mikopo huwasilishwa kwenye kampuni za kumbukumbu za wakopaji, na deni la 60,000 lililosahauliwa linaweza kukukwamisha siku unapotaka mkopo wa maana.

Mwezi wa tatu wa mpango huu ni wa duka. Nenda kwa mangi leo, kabla ya fedha kuwapo, ukamwambie kwamba mwezi wa tatu kuanzia sasa utamlipa, na kuanzia leo hutachukua kitu kwa daftari. Usimwambie "nitakuja" kama wanavyosema wote, mtajie mwezi. Hiyo 127,800 itaacha 17,200, utazimaliza mwezi wa nne, na zitakazobaki mwezi huo, 110,600, zitakwenda kwa dada yako.

Deni la dada nimeliweka nyuma kwa sababu halina riba na hana haraka, lakini usimwache gizani. Kunyamaza kwake si kusahau. Mara nyingi ndugu aliyekukopesha hunyamaza kwa sababu anaogopa kuonekana anakudai, na huku moyoni anahesabu, na habari za kupanda kwako daraja zitamfikia hata kama hukumwambia. Mpigie mwenyewe kabla hajazisikia kwa mtu. Mweleze kwamba malipo yake yataanza mwezi wa nne na kuisha mwezi wa sita, kisha fanya hivyo. Mwezi wa sita utakuwa umebakiza 61,600 tu za kumpa, na 66,200 zitakazosalia zitakuwa akiba yako ya kwanza. Mwezi wa nane mkopo wa dharura utakwisha, na mwezi wa kumi na mbili ule wa awali wa SACCOS. Kuanzia hapo utakuwa na takriban 265,000 kila mwezi zisizo na mwenyewe.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, usihangaike nayo sasa. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni lako la Bodi halikui kama yalivyo mengine; linashuka kila mwezi kwa ile asilimia 15. Hakikisha tu kwamba makato yanayoonekana kwenye slipu yanaonekana pia kwenye taarifa yako ya Bodi. Kuna watumishi wanaoendelea kukatwa baada ya deni kwisha, na fedha hurudi kwa mwendo wa polepole.

Mkopo wa benki nao, baada ya miezi 12, utakuwa na salio la kama 3,170,000 na miezi 19 mbele. Hapo utakuwa na uamuzi wa kufanya: kuupunguza kwa hiyo 265,000, au kuuacha uende na wewe ukaanza nyumba. Ukiniuliza leo, ningesema miezi mitatu ya kwanza ziwe akiba ya dharura tupu, kwa sababu bila akiba kila ugonjwa wa mtoto utakurudisha kwenye simu. Baada ya hapo gawa, sehemu iende benki na sehemu inunue tofali na nondo kidogo kidogo. Kabla ya kupunguza mkopo wa benki, uliza kwa maandishi kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati, na kama malipo ya ziada yatafupisha muda au yatapunguza rejesho. Unachotaka ni muda ufupishwe. Ukikubali rejesho lipunguzwe, utajikuta unatumia tofauti hiyo na miezi iko ileile.

Nyumba yako naiheshimu. Najua inavyomkaa mtu moyoni kuona wenzake wa ajira moja wameshaezeka. Lakini msingi unaochimbwa kwa mkopo wa miaka sita mara nyingi huishia hapohapo kwenye msingi, kwa sababu rejesho linakula fedha ya kuta na bati. Mwaka mmoja wa kusafisha madeni hautakuchelewesha kama unavyodhani.

Umeniambia kwamba mume wako hajui habari ya mkopo wa mtaani, na hukuniuliza nifanyeje, lakini siwezi kulipita. Mwambie kabla ya siku ya kulipa. Sababu yangu ya kwanza ni ya usalama: mkopeshaji aliyeshika kadi yako anajua nyumbani kwako, na siku mambo yakienda vibaya mumeo ataipata habari mlangoni kwa mtu mwingine. Sababu ya pili ni kwamba mpango huu unahitaji nyumba nzima ijue kwamba kuna miezi sita ambayo hakuna sherehe ya kuchangia kwa kiwango cha juu wala samani mpya, na huwezi kumbana mtu kwa bajeti ambayo hajui chanzo chake. Mpelekee ukiwa na karatasi hii ya hesabu mkononi, yenye mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Deni linaloelezwa pamoja na njia ya kulimaliza hupokelewa kwa namna tofauti kabisa na deni linalogunduliwa.

Ndugu wengine nao watakuja, kwa sababu mtumishi akipanda daraja habari husambaa. Michango ya misiba utatoa kama desturi inavyotaka. Kwa mikopo ya ndugu, sema wazi kwamba mshahara ulioongezeka umeshapangiwa madeni hadi mwezi wa sita, na huo ni ukweli mtupu. Kama umo kwenye kikoba au upatu, maliza mzunguko ulionao, usiongeze mkono wa pili.

Mwisho, malimbikizo. Kama barua yako ya kupandishwa daraja ina tarehe ya kuanza iliyo nyuma ya mwezi ulioanza kulipwa, una haki ya kudai tofauti. Fuatilia kwa ofisa utumishi wa halmashauri yako ukiwa na nakala ya barua na slipu zote za miezi hiyo, na uweke nakala ya kila unachowasilisha. Lakini usiyaingize kwenye hesabu hata moja kabla hayajafika kwenye akaunti, na usikope kwa kuyategemea, hata mkopeshaji akikuambia kwamba anakuamini. Yakitoka kabla hujamlipa yule wa mtaani, yaende kwake siku hiyohiyo, na hapo hutahitaji mkopo wa dharura wa SACCOS. Yakitoka baada yake, yamalize ya simu na duka, kisha dada yako. Yakitoka baada ya hao wote, nusu iweke akiba ya dharura na nusu ipunguze mkopo wa benki. Nayo yatakatwa kodi na michango kama mshahara mwingine wowote, na kwa kuwa hulipwa kwa mkupuo, mwezi huo sehemu ya fedha yako inaweza kuvuka milioni 1 na kutozwa asilimia 30, kwa hiyo usishangae yakifika yakiwa pungufu ya ulivyopiga hesabu kwenye daftari.